Mikate Sita na Chembe ya Higgs

Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa bwalo. Asubuhi moja nilihesabu mikate ya chai, nikaona imepungua sita. Bila kungoja nikamtaja mwizi: kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa zamu jikoni. Alilia mbele ya wenzake. Saa nne mpishi akanionyesha daftari lake. Siku ile mikate ililetwa pungufu tangu mwanzo.

Wiki ile ile Mwalimu wetu wa Fizikia alitueleza habari za maada ya giza, nami nilisikiliza kwa haya.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alitazama kundi la galaksi liitwalo Coma, akaona galaksi zake zinakwenda kasi mno; uzito wa vitu ving'aavyo haukutosha kuzizuia zisitawanyike. Leo hukadiriwa kwamba kitu hicho kisichoonekana kinazidi maada ya kawaida kama mara tano. Ni kitu gani? Hakuna ajuaye.

Sasa huja chembe ya Higgs. Kupatikana kwake kulitangazwa tarehe 4 Julai 2012 huko CERN, karibu na Geneva, ambako protoni hugonganishwa katika njia ya chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilometa 27. Uzito wake ni kama wa protoni 133, na uwanja wake ndio uzipao chembe nyingine za msingi uzito wao. Basi wataalamu wakauliza: je, chembe za giza nazo hazikupitia mlango huo? Ikiwa ni hivyo, na kama uzito wa kila moja haufiki nusu ya ule wa Higgs, basi Higgs yaweza kuvunjika ikawa chembe mbili za giza, zikatoka mtamboni bila kugusa chochote.

Zitajulikanaje? Kwa upungufu! Vitu virushwavyo kando na mgongano hulazimika kulingana pande zote. Vikirukia upande mmoja tu, upande wa pili kuna kilichotoroka. Walakini nyutrino nazo hutoroka vivyo hivyo, tena mara nyingi, na mtambo wenyewe waweza kupima vibaya. Kwa hiyo wataalamu huyahesabu hayo yote kwanza, ndipo hukitilia shaka kinachobaki. Mwaka 2023 kikundi cha ATLAS kilitoa hesabu yake: katika kila Higgs mia, zinazotoroka hivyo hazizidi kama 11. Hawakusema kwamba zipo. Wala hawakumtaja mtu.

Jumamosi nilimwomba radhi yule kijana, nikamweleza na habari hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kaka, daftari la mpishi lilikuwa wapi asubuhi ile?"

Nikamwambia lilikuwa mezani, karibu na mikate.