Kipya Kinyemi, Kikuukuu Je?

Wahenga walilonga kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakalonga pia kuwa ya kale ni dhahabu. Mnamo mwaka wa 2019, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akisomea Kiswahili jijini Nairobi, alijikuta amesimama baina ya methali hizi mbili. Mkobani alikuwa na shilingi 40,000. Moyoni, wasiwasi usiopimika.

Pesa zile hazikuwa zake zote. Shilingi 25,000 alizidunduliza kwa kuwapiga picha wenzake siku za mahafali, akitumia kamera ya kuazima. Shilingi 15,000 mamake alizikopa katika chama cha akina mama, naye angezilipa kidogo kidogo kutokana na biashara yake ya mahamri na viazi vya karai. Kwa hivyo kosa lolote la binti lingekuwa deni la mama.

Kilichomsukuma kutaka kamera ni kupamba. Katika arusi za Waswahili wa pwani ya Kenya, usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Bi arusi huketishwa akatazamwa, mabuibui huvuliwa, na mpiga picha wa kiume hana nafasi pale. Jirani yao alikuwa akimwoza bintiye mwezi wa Disemba, naye akamwomba msichana huyu aifanye kazi hiyo. Wakati huo kamera ya kuazima ilikuwa imekwisha kurudi kwa mwenyewe.

Kabla ya kufunga safari ya nyumbani, alipita katika duka moja katikati ya jiji la Nairobi. Akaonyeshwa Nikon D3500, kamera iliyotolewa mwaka wa 2018: nyepesi, yenye pikseli milioni 24, lenzi moja na dhamana ya mwaka mmoja. Bei yake ilikuwa shilingi 52,000.

"Dada, hii haijaguswa na mtu. Hutajuta," muuzaji alimhakikishia.

Msichana aliishika, akaivutia harufu ya upya wake, akaitamani. Shilingi 12,000 zilizopungua zingeweza kukopwa tena. Alimpigia mamake simu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamweleza kuwa mpiga picha mmoja mkongwe wa Mji wa Kale alikuwa akistaafu na kuuza vyombo vyake. "Njoo uvione kwanza, mwanangu. Kuona si kununua."

Mama huyu alikuwa mteja wa miaka mingi wa mitumba ya Kongowea. Alijua kuwa nguo huinuliwa kwenye mwanga ili matundu yaonekane, na kuwa mishono ya kwapani husema kweli kuliko mchuuzi. Wachuuzi wa mitumba nchini Kenya huziita nguo bora zinazotangulia kuchaguliwa belo linapofunguliwa "kamera". Sasa binti yake alikuwa akienda kutafuta kamera iliyo kamera kweli.

Mzee aliwatandikia mezani Nikon D7000, kamera ya mwaka wa 2010, pamoja na lenzi mbili. Alitaka shilingi 38,000. Msichana aliomba ruhusa kwa adabu: "Ami, waniwia radhi nikiikagua?"

"Kagua, mwanangu. Asiyekagua hununua mbuzi kwenye gunia."

Akapiga picha moja, akaihamishia kwenye tarakilishi. Kamera za aina ile huandika ndani ya faili ya picha idadi ya mara ambazo pazia lake la ndani, ambalo mafundi huliita shata, limefunguka na kufunga. Ilikuwa 61,000 na ushei. Shata ya D7000 ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 150,000. Hiyo si ahadi, lakini ni kipimo. Kisha akapunguza tundu la lenzi na kuupiga picha ukuta mweupe ili kusaka vumbi kwenye sensa. Akaomba risiti ya zamani, akalinganisha namba yake na ile iliyochapwa chini ya kamera, kwa maana mali ya wizi haina bei nafuu.

Hatimaye akawasha kurunzi na kumulika ndani ya lenzi. Katika ile kubwa, nyuma ya kioo cha mbele, aliona nyuzi nyembamba zilizotambaa mithili ya utando wa buibui. Ulikuwa ukungu, adui wa lenzi katika hewa ya unyevu ya pwani. Mzee alitazama, akatikisa kichwa. "Kweli. Niliiacha muda mrefu katika mkoba wa ngozi." Lenzi ya pili, ya milimita 50, ilikuwa safi.

Usiku ule msichana hakulala mapema. Kamera mpya ilikuwa na pikseli nyingi zaidi na dhamana ya dukani. Lakini ilikuwa na nafasi moja tu ya kadi ya kumbukumbu, nayo ile ya mzee ilikuwa na mbili, hivyo kila picha ingeweza kuandikwa mara mbili kwa mpigo. Fauka ya hayo, lenzi ile ya milimita 50 ilikuwa na tundu pana, la kufaa taa hafifu za ukumbini. Ila kwa kuwa ilikuwa ya muundo wa zamani, ilitegemea mota iliyo ndani ya kamera ili kulenga yenyewe. D7000 inayo mota hiyo, D3500 haina. Hapo ndipo alipong'amua jambo ambalo bei ilikuwa imelificha. Dhamana ya duka humrudishia mtu mashine. Haimrudishii usiku. Bi arusi hapambwi mara ya pili kwa sababu kadi ya mpiga picha imeharibika.

Kulipokucha alirudi kwa mzee. Lenzi yenye ukungu akaiacha; kamera na lenzi safi akazinunua kwa shilingi 30,000. Baki akalinunulia betri ya pili, kadi mbili mpya na sanduku lisilopitisha hewa.

Usiku wa kupamba, hakuna kilichoharibika. Kadi zote mbili zilifika nyumbani zikiwa na picha zile zile. Malipo ya jirani yakaenda moja kwa moja chamani, na salio la deni likaisha baada ya mahafali mengine mawili. Hata hivyo, kila shata ilipolia katika miezi ile ya mwanzo, moyo wake ulishtuka, kwani hakuwa na duka la kulirudia. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya bei.

Baadaye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alimjia na swali lile lile: anunue mpya au iliyotumika? Hakumjibu. Alimwuliza kwanza ni kazi gani anayotaka kuifanya, na ni kitu gani katika kazi hiyo ambacho kikipotea hakinunuliki tena. Kisha akafungua mkoba, akamwazima kurunzi.