Saa nne za mvuke

Mpishi wa Pwani huonja. Hapimi chumvi kwa kijiko wala kwa mizani. Hudondoshea tone la mchuzi kiganjani, akalilamba, akanyamaza kidogo, ndipo akaamua. Mnyime kiganja hicho na umemnyima nusu ya ufundi wake. Ndiyo maana chakula kimoja cha hapa Sussex, kusini mwa Uingereza ninakoishi, kilinikera tangu nilipokisoma kitabuni: kinafungwa kikiwa kibichi, kinawekwa kwenye mvuke muda wa saa tatu unusu hadi nne, na hakifunguliwi mpaka kifike mezani. Huonji, huchungulii, hukorogi. Unafunga na kutawakali.

Chenyewe kinaitwa Sussex pond pudding. Ndani ya bakuli hutandikwa unga wa ngano uliokandwa na mafuta ya figo ya ng'ombe, ukasukumwa mnene kiasi. Katikati hutiwa siagi na sukari ya kahawia, na kwenye siagi na sukari hiyo huzikwa limau zima, bila kumenywa wala kukatwa. Juu hufunikwa kwa unga uleule. Kikiiva, bakuli hupinduliwa kwenye sahani yenye ukingo wa juu, kisu kikapita, na rojo la siagi, sukari na maji ya limau likamwagika pande zote mpaka chakula kikabaki kimesimama katikati ya dimbwi. Majirani wa Sussex, watu wa Kent, wanacho cha kwao, chenye zabibu kavu ndani. Wenyeji hapa wanakiheshimu zaidi ya wanavyokipika. Mwaka 2020 washindani wa The Great British Bake Off, yale mashindano ya upishi ya televisheni, walipewa mtihani wa kukipika, na hakikuwatendea wema.

Kwangu mimi kazi ilianzia kwenye mafuta. Dukani yapo ya paketi, yamekwisha kukwaruzwa na kuchanganywa na unga kidogo yasigandamane. Kampuni ya Atora ilianza kuyauza hivyo huko Manchester mwaka 1893, mwaka uleule Mjerumani Richard Hindorf alipoingiza katani kwetu, na mtu wa Tanga hawezi kuipita tarehe hiyo bila kuguna. Lakini ng'ombe wa paketi hakuchinjwa kwa namna ninayoitaka, na yale ya mimea sikuyataka. Nikaenda bucha la halali. Kijana wa pale aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaniambia, "Dada, haya tunayatupa," akanijazia mfuko na kukataa hela.

Mafuta ya figo ni makavu, meupe, yanavunjika vidoleni. Yana utando mwembamba unaopita katikati yake, na usipouvuta wote utakutana nao mdomoni. Ukishautoa, yaweke kwenye friza yakaze, ndipo uyakwaruze juu ya unga, ukinyunyiza unga kila mara. Kwa gramu 250 za unga wenye baking poda huenda gramu 125 za mafuta, na maziwa yaliyochanganywa na maji kiasi cha kushikamanisha tu. Siagi haiwezi kazi hii, kwa sababu huyeyuka mapema mno. Mafuta ya figo huvumilia joto zaidi. Yanapokuja kuyeyuka, unga umeshaanza kushika umbo, nayo huacha vitundu vidogo mahali yalipokuwa. Ndivyo kitu chenye mafuta kiasi kile kinavyotoka laini, si jiwe.

Limau nalo lina masharti. Liwe halikupakwa nta, maana ganda linaliwa, na litobolewe kila upande kwa sindano nene inayozama mpaka kwenye nyama yake. Bila matundu hayo maji yanabaki ndani na hakuna dimbwi. Kisha unakuja ufungaji, ambao nausifu kuliko upishi wenyewe. Unatandaza karatasi ya kuokea juu ya bakuli, ukaikunja marinda katikati, na juu yake karatasi ya foili yenye marinda vilevile, kwa sababu unga utaumuka na usipouachia nafasi utajitafutia. Unazungushia uzi chini ya ukingo wa bakuli, ukaukaza kwa meno kama mikono haitoshi, na uzi uliobaki ukaupitisha juu uwe mpini wa kuinulia. Nilitumia uzi wa pamba. Katani inaacha vinyweleo, nasema hivyo kwa uchungu.

Baada ya hapo huna kazi, na hapo ndipo Uingereza na Tanzania zinapotengana. Nyumbani Tanga, chakula cha saa nne ni bokoboko, ngano na nyama kwenye sufuria moja mpaka visijuane. Lakini saa nne za bokoboko hazipiti mtu akiwa peke yake. Mmoja anasonga mwiko, mwingine anachochea mkaa, wa tatu amekaa kwenye kibao hafanyi lolote ila kuleta habari za mtaa, naye ni wa lazima kuliko wote. Huku nilitega simu inipigie kengele kila nusu saa niongeze maji. Yawe yanachemka, kwa sababu ukitia ya baridi mvuke unakufa na unga unakuwa mzito. Mume wangu kazini, watoto shuleni, mimi na birika. Nimewahi kuwasikia wenzetu wakisema Wazungu ni wavivu wa kupika. Siamini. Aliyebaki peke yake na sufuria na kengele, akijua mita ya gesi inazunguka, ana haki ya kununua chakula cha kwenye boksi.

Tangu bei ya gesi na umeme ilipopaa mwaka 2022, jirani yangu wa ukuta wa pili huwasha oveni kwa mahesabu. Amevuka miaka 80, amezaliwa kijiji kimoja karibu na mji wa Lewes. Kwa desturi ya hapa ningemwita kwa jina lake la kwanza kana kwamba tulisoma darasa moja. Ulimi umekataa, namwita Mama, naye ameshazoea. Nilimgongea mlango siku ile kuuliza kama ana sahani yenye ukingo wa juu. Alipojua ni ya nini, alivaa koti, akaja na sahani, akavuta kiti jikoni na kukaa. Hakuondoka mpaka mwisho. Kengele ya simu tuliizima, maana alikuwa anasikia kwa mlio wa sufuria maji yanapopungua.

Nilidhani amekuja kunikagua. Kumbe kukipika hakujui, alikuwa anakila tu kwa mama yake. Na alipoona limau lililobaki mezani, akashangaa. "Hili la nini?" Kwao hapakuwa na limau. Palikuwa na siagi, sukari na zabibu kavu, basi. Nikamwonyesha kitabu, akakisukuma pembeni.

Na historia iko upande wake. Chakula hiki kinatajwa katika kitabu cha Hannah Woolley cha mwaka 1672, na limau halimo. Lilianza kujulikana kwa wengi kupitia Jane Grigson, mwandishi wa mapishi, katika kitabu chake cha mwaka 1974, na leo mtu ukitoa limau utaambiwa umeharibu asili. Sukari yenyewe haikuota Sussex, na limau ninalonunua linatoka Hispania. Sisi ambao pilau yetu ni ya Pwani kwa mdalasini wa ng'ambo hatuna la kumcheka mtu hapa.

Kilipopinduliwa kilisimama. Upande mmoja uliinama kidogo, na kisu kilipoingia rojo likatoka la rangi ya kahawia, zito, likajaa mpaka ukingoni. Limau lilikuwa limelainika kama ndimu ya achari iliyokaa juani, ganda na vyote, na uchungu wake ulibaki kiasi cha kuikata sukari. Mama jirani alikula sehemu yake na kuongeza, akaacha limau kando ya sahani. Mwanangu wa kiume akalichukua bila kuuliza.

Jioni nilimpigia bi mkubwa Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba akataka nimweleze tangu mwanzo, na nilipofika kwenye saa nne akanikatiza: gesi ya nani hiyo? Yeye bokoboko siku hizi anapika kwa presha kuka. Mkaa umepanda, na serikali yenyewe inahimiza watu wauache; mkakati wake wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nikamuuliza wale waliokuwa wakikaa kwenye kibao wako wapi. Akasema wanakuja, ila wakifika chakula kimeshaiva, kwa hiyo wanakula na kuondoka.

Sasa ameamua kujaribu. Mafuta ya figo atayapata Ngamiani kwa muuza nyama wake, limau anaona halina maana wakati ndimu ziko uani, na anataka nimwambie presha kuka iwekwe dakika ngapi. Nimelipeleka swali kwa jirani. Ndimu ameikataa kabisa. Presha kuka anaiafiki, ila sharti lake ni kwamba bi mkubwa asiifungue kabla mvuke wote haujatoka, kwa sababu ya kwake ya zamani iliwahi kurusha chakula hadi dari.