Vipimo vya Kiwanda na Mizani ya Nyumbani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ukoo wetu methali hii ilikuwa sheria ya kazi. Babu alinunua na kuuza karafuu Pemba: wachumaji aliwalipa kwa pishi, na wanunuzi aliwauzia kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Katika daftari lake, ambalo bibi alilivusha bahari hadi Omani, kando ya kila hesabu pameandikwa neno moja, mbichi au kavu. Karafuu ikianikwa hupoteza kiasi cha thuluthi mbili za uzito wake, kwa hiyo hesabu isiyo na neno lile haikuwa na maana kwake.

Mwaka huu neno lile limenifaa hapa Maskati, katika jambo ambalo babu hakuliota. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 14, na moyo wake uko kwenye vilima vya mchanga vya Bausher, wanakopanda vijana na pikipiki zao. Mama yake aliridhia kwa masharti mawili: akikaa juu ya chombo, miguu yote miwili iguse chini; na kikianguka, aweze kukiinua mwenyewe.

Tuliletewa Yamaha TT-R125LE iliyokwisha kutumika. Vipimo vya kiwanda vinasema kiti kiko milimita 805 kutoka chini, baina ya ekseli mbili ni milimita 1,270, na uzito ni kilo 90. Mguu wa binti, kwa upande wa ndani, una sentimita 76. Kwa hesabu ya karatasi, shauri lilikuwa limekwisha. Dada akasema, “Basi irudishwe.” Nikamwomba anipe jioni moja.

Kwanza tulijaza upepo matairi, tukatafuta sakafu iliyo sawa kwa pimamaji, na binti akaishikilia pikipiki isimame wima. Kiti kilikuwa sentimita 79.2, springi za chombo kilichotumika hulegea. Kisha akapanda, nami nikapima tena: 74.7. Kiwanda hupima kiti kikiwa kitupu, lakini mpandaji hukishusha kwa uzito wake. Upana wa kiti huirudisha miguu juu kidogo, ila viatu vyake vya kuendeshea vina soli nene. Nyayo zake za mbele ziligusa sakafu pande zote mbili.

Kwa ekseli, tuliteremsha timazi kutoka katikati ya kila moja, tukatia alama sakafuni, tukapima baina ya alama: milimita 1,265. Upungufu huo si kasoro, kwa kuwa ekseli ya nyuma husogezwa mbele au nyuma cheni inapokazwa.

Uzito tuliupima kwa mizani ya kujipimia watu. Gurudumu moja huwekwa juu ya mizani, na la pili juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani, ili chombo kisiinamie upande mmoja, kisha hubadilishwa. Mbele kilo 43, nyuma 45, jumla 88. Hapo ndipo nilipouliza swali la babu: mbichi au kavu? Kilo 90 za kiwanda ni pamoja na tangi lililojaa, nalo huchukua lita 6.1. Letu lilikuwa nusu, na lita ya petroli ina kama robo tatu za kilo. Zile kilo mbili zikaonekana zilipo.

Sharti la pili halina kipimo cha utepe. Tuliilaza pikipiki juu ya mchanga. Mara ya kwanza binti alivuta kwa mgongo, haikutikisika. Nikamwelekeza ageuze usukani, achuchumae, asukume kwa miguu. Ikasimama. Akaniambia, “Mjomba, andika na hiyo.” Dada alinyamaza kitambo, kisha akauliza bei ya kofia ngumu.

Ndugu zangu mlio Maskati, Dubai, London na kwingineko, huenda katika masanduku ya wazee wenu kuna madaftari kama hili. Yapigeni picha kabla karatasi hazijaliwa na mchwa. Msinakili tarakimu peke yake. Nakilini na maneno madogo yaliyoandikwa kando yake.