Saa Kumi na Nusu

Msafiri akirudi, watu humuuliza alichokiona mwanzo huko alikokwenda, naye husimulia baridi, majumba na wingi wa magari. Mimi nilikutana na hayo yote, lakini kilichonishitua mwanzo kilikuwa saa. Sisemi saa ya mkononi, kwani hiyo niliirekebisha uwanja wa ndege kama wenzangu. Nasema ile saa ambayo mtu huichukua ndani ya lugha yake bila ya kujua kuwa anayo.

Niliondoka Unguja Septemba 2003, miaka thelathini na kitu, kwenda Norwich, mashariki ya Uingereza, kwa masomo ya mwaka mmoja ya tafsiri. Sikuwa na shahada. Elimu yangu ya darasani ilikomea kidato cha pili; Kiingereza nilijifundisha kwa redio na kwa kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, nakala iliyokwisha kupoteza jalada. Mashairi machache niliyoyafasiri ndiyo yaliyonifungulia mlango. Kwa hivyo nilikwenda na ile hofu ya mtu aliyejisomea, anayedhani kuwa wenziwe wote waliambiwa jambo fulani siku ambayo yeye hakuwepo.

Mji wenyewe haukunitisha. Una mto, Wensum, unaopita taratibu kama mzee atokaye msikitini, na una kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1096, ambalo mnara wake huonekana kila uendako, hata mgeni asipotee. Watu walikuwa wapole, ila ndani ya basi kila mmoja alikaa na kimya chake. Siku ya kwanza nilipanda nikatoa salamu kwa wote, kama tufanyavyo kwetu, nikaitikiwa na dereva peke yake. Siku ya pili nikamsalimia dereva tu.

Kisha jua likaanza kunikimbia. Kwetu, msomaji unajua, saa tunaihesabu tangu jua lichomozapo na tena tangu lituapo. Saa kumi na mbili jioni kwetu ni jua kuingia baharini, adhana ya magharibi, na watoto kuitwa ndani. Nasi tulio kiasi cha digrii sita kusini ya Ikweta, jua halitugeuki: baina ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa, tofauti haifiki saa nzima. Norwich, mwezi wa Disemba, jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi. Na mwezi wa Juni hukawia mpaka saa tatu na zaidi usiku. Nikaona lugha yangu inasema uwongo mdomoni mwangu. Nikisema "saa tatu usiku" ilhali jua lingali linawaka dirishani, ni usiku upi huo?

Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 2003, saa za nchi ile zilirudishwa nyuma kwa saa moja, kama ilivyo desturi yao kila mwaka. Siku zile zile ukaingia mwezi mtukufu wa Ramadhani. Magharibi iliyokuwa saa kumi na moja na nusu ikawa, kwa usiku mmoja, saa kumi na nusu. Katika jiko la bweni letu palibandikwa karatasi ya nyakati za sala, nasi Waislamu wachache tuliokuwapo tukifuturu kwa karatasi hiyo: tende, maji, kisha kila mtu na chungu chake.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kumpigia mama. Yeye alikuwa akienda kwa jirani yetu, Kikwajuni, mwenye simu. Nami nikisimama katika kibanda cha simu na kadi yangu ya dakika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshafuturu?"

"Nimeshafuturu, alhamdulillahi."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

Akanyamaza. Dakika za kadi zikawa zinakwenda, nami nasikia sauti za watoto uani kwa jirani.

"Saa kumi na nusu," akasema baadaye, polepole, "ndio kwanza watu wanateleka vyungu. Mwanangu, kama umeshindwa kufunga, sema. Safari ina ruhusa yake na siku hulipwa. Lakini usinambie umefuturu."

Nilitaka kucheka, lakini koo lilinikaza. Kumbe mama alikuwa akiogopa jambo hilo tangu siku ya uwanja wa ndege: kwamba ughaibuni utanichukua kidogo kidogo, na kwamba nitamficha. Nikaanza kumweleza habari za dunia iliyoinama na majira yanayogeuka. Maneno yakatoka makavu, ya kitabuni. Akanikata.

"Hilo jua, wewe uliliona likitua?"

Sikuwa nimeliona. Tangu Ramadhani iingie mbingu ilikuwa na mawingu, nami nilikuwa nikifuturu kwa karatasi. Nikamwambia kweli.

"Basi litazame," akasema, na kadi ikamalizika.

Siku iliyofuata ambayo mbingu ilikuwa safi nilipanda Mousehold, nyika iliyo juu ya mji, na tende mbili mfukoni. Jua likashuka upande wa mjini, jekundu, bila ya joto, likatua. Nikafuturu. Lakini mwanga haukuondoka. Kwetu giza humkuta mtu angali anakunja mkeka. Kule mwanga ulikaa na kukaa, si mchana wala si usiku. Waingereza wana neno lao la mwanga huo, nami kwa miaka kadhaa nilikuwa nikilifasiri "magharibi", na kuliandika bila ya wasiwasi wowote.

Ijumaa nikampigia. "Nimeliona, mama. Limetua saa kumi na robo."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi funga yako sahihi," akasema. "Saa ni za watu."

Mengi niliyofundishwa darasani mwaka ule yamenifaa, na mengine nimeyasahau. Hilo la mama sikulisahau. Mwandishi wa kule akisema kuwa mtu alibisha hodi saa kumi na moja ya jioni ya Disemba, msomaji wake anaona taa na giza. Nikiiandika saa hiyo vivyo hivyo kwa Kiswahili, msomaji wa Kikwajuni ataona watoto wanacheza mpira na jua bado liko juu ya paa. Nambari itakuwa sahihi na tafsiri itakuwa uwongo. Basi siku hizi, nikikuta saa katika kitabu cha watu, kabla sijafungua kamusi, huuliza kwanza jua lao liko wapi. Na mara nyingi huandika tu kwamba giza lilikwisha kuingia.

Mama aliniita "mfuturu alasiri" kila Ramadhani mpaka alipofariki, mbele ya wageni, na sikuwahi kumkanusha.