Likizo ya Kipupwe ni ya Nani?

Neno likizo ni tamu masikioni mwa mtoto. Mwaka wa shule katika nchi yetu huanza Januari na kwisha Desemba, na katikati yake, kwa desturi tangu mapema Juni hata mapema Julai, milango ya shule hufungwa yapata mwezi mmoja. Sisi, mume na mke, walimu wote wawili hapa Kibaigwa katika wilaya ya Kongwa, twaiita likizo ya baridi. Huko Ulaya watoto hukaa nyumbani kwa baridi mwezi wa Desemba, theluji ikianguka nje. Kwetu Desemba ni mwezi wa mvua za kwanza, na baridi yetu huja Juni na Julai, pasipo theluji wala mvua, bali kwa upepo.

Mtu wa pwani akiambiwa ya kuwa Dodoma kuna baridi huona kama mzaha. Lakini nchi hii ya Ugogo imeinuka. Mji wa Dodoma uko kiasi cha meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hewa hushuka hata chini ya nyuzi 15 za sentigredi. Mchana upepo huvuma tangu asubuhi, ukayaokota mavumbi ya mashamba yaliyovunwa na kuyaleta mpaka ndani ya sufuria. Jua likichomoza, watoto husimama ukutani upande wa mashariki, wamejifunika khanga za mama zao, wakingoja joto. Mafua na kikohozi havikosi nyumbani.

Basi baridi hii haiji peke yake, yaja pamoja na kazi. Sisi wa Dodoma twapata msimu mmoja tu wa mvua, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hata Aprili, na chakula cha mwaka mzima hutoka katika msimu huo mmoja. Kwa hiyo likizo ya Desemba huangukia siku za kupanda, na likizo ya Juni huangukia siku za kuvuna mahindi, kupukuchua, kupiga alizeti na kuanika. Hapa Kibaigwa jambo hili huzidi. Mji wetu, uliopo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, umejulikana kwa soko lake la mahindi, na mazao huletwa kwa malori toka vijiji vya Kongwa na toka Kiteto katika mkoa wa Manyara. Siku hizo kila mtu mzima ana shughuli: huyu yuko shambani, huyu yuko sokoni akipepeta, na mwingine ashona magunia.

Tena mahindi hayangoji. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu uotao katika nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Kwa ajili hiyo mahindi yatakiwa yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yakauke sawasawa, na punje zilizooza na kubadilika rangi zitolewe. Kazi hii yataka mikono mingi, na kila mkono una haraka.

Sasa tuulize: wazazi wakiwa shambani na sokoni, watoto wadogo wako na nani? Katika nyumba nyingi jibu ni hili: wako na dada yao mkubwa. Na huyo anayeitwa mkubwa mara nyingi ana miaka 10 au 11.

Jambo hili tumelijua vizuri zaidi kwa kusoma madaftari ya shule. Kila Julai, shule ikifunguliwa, walimu huwapa watoto insha yenye kichwa cha maneno “Likizo yangu”. Tumezisoma insha hizo miaka mingi, na kalamu yetu nyekundu ilizoea kutafuta makosa ya herufi na nukta. Lakini mwaka mmoja tuliona jambo jingine. Wavulana wengi waliandika: tulikwenda korongoni, tulicheza mpira, tuliwinda ndege kwa manati, tulimtembelea mjomba Mpwapwa. Wasichana wa umri ule ule waliandika: niliamka, niliwasha moto, nilipika uji, nilimlisha mtoto, niliteka maji, nilifua, nilimbeba mtoto mpaka akalala. Tazameni mwanzo wa maneno hayo. Wale walikuwa wakisema “tu”, maana walikuwa pamoja na wenzao. Hawa walikuwa wakisema “ni”, maana walikuwa peke yao. Na msichana mmoja aliimaliza insha yake kwa maneno haya: “Nilifurahi shule ilipofunguliwa, kwa sababu nilipumzika.”

Insha ile haikuwa na kosa hata moja la herufi. Tuliisoma mara mbili, kisha tukaiweka mezani bila kusema neno.

Wako watakaosema ya kuwa kazi ni malezi, na ya kuwa kumzoeza mtoto kazi ni kumpenda. Hilo ni kweli, wala hatulipingi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tena sheria zenyewe zakubali. Mkataba wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika kifungu chake cha 31, wasema ya kuwa mtoto ana wajibu kwa jamaa yake, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao una kifungu cha 31, na hicho chasema ya kuwa mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Vifungu hivi viwili vyenye hesabu moja havigombani. Nyumba njema yavishika vyote viwili, kwa kila mtoto. Shida yaja pale tunapompa mtoto mmoja kifungu cha wajibu, na ndugu yake tukampa kifungu cha kucheza.

Iko na hatari pia. Mtoto wa miaka 10 aweza kumbembeleza mdogo wake, lakini hawezi kuyalinda yote. Barabara yetu yapita malori usiku na mchana. Uji wa moto humwagika. Na katika siku za baridi liko jambo linaloua pasipo kelele, nalo ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani na mlango kufungwa. Hewa mbaya ya mkaa haina harufu wala haionekani, na watu hulala wasiamke. Mtoto aliyeachiwa wadogo zake wakitetemeka kwa baridi, afanye nini kama si kuwaletea jiko ndani? Ataliingiza kwa huruma. Ulinzi wa namna hii ni kazi ya mtu mzima.

Basi mwaka uliofuata, kabla shule hazijafungwa, tuliketi nyumbani kwetu na watoto wetu wanne: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 9, mvulana wa miaka 5, na kitinda mimba wa miaka 2. Tuliokota kokoto uani, tukazitaja kazi zote za nyumba na za mavuno, moja moja, na kwa kila kazi tukaweka kokoto moja chini. Kisha tukawauliza watoto: kazi hii ni ya nani? Mvulana wetu wa pili alijibu upesi, karibu kila mara, kwa kumtaja dada yake. Fungu la dada lilipozidi kukua alicheka. Baadaye alitazama kokoto mbili zilizokuwa mbele yake, akanyamaza.

Tukayavunja mafungu yale, tukagawa upya. Sisi wazazi tulichukua sehemu yetu kwanza: siku mmoja wetu akienda shambani, mwingine hukaa nyumbani na watoto. Maji na kuosha vyombo vikawa zamu ya wakubwa wawili. Kumbeba mdogo kukawa zamu vile vile. Na tangu saa 9 alasiri hata jua kuchwa, binti yetu hakuitwa na mtu kwa kazi yo yote.

Mpango huu ulikuwa na gharama yake. Mahindi yetu yalikawia shambani siku kadha kuliko ya majirani, na ilitubidi kumlipa kijana wa kupukuchua, fedha ambazo zilikuwa na kazi nyingine. Tuliona ya kuwa deni lile ni afadhali kuliko lile lililolipwa na mtoto.

Lakini gharama ya fedha haikuwa kubwa kama gharama ya maneno. Mama yetu mzee alikuja toka kijijini kukaa nasi siku za kipupwe. Asubuhi ya kwanza alimwona mjukuu wake wa kiume amembeba mtoto mgongoni kwa khanga. Alituita kando akasema, “Wanangu, mjukuu wangu mnamfanya nini? Tangu lini mwanamume akabeba mtoto?”

Tulimjibu kwa heshima, “Mama, ulipokuwa mtoto, kaka zako walifanya nini katika miezi hii?”

Alikaa juu ya kigoda, akaanza kutueleza. Alizaliwa katika tembe, nyumba yetu Wagogo yenye paa la udongo, ndama na mbuzi wakilala chini ya paa moja na watu, na joto lao likiwasaidia watoto usiku wa baridi. Kulipopambazuka wasichana walibaki na maji, moto, na watoto wachanga. Wavulana walitoka na mifugo: wadogo walichunga ndama na mbuzi karibu na nyumba, wakubwa walikwenda na ng'ombe mbali, wakarudi jioni wenye njaa na miguu iliyopasuka kwa baridi. Aliyepoteza mnyama alikuwa na kesi kubwa. Hakuna mtoto aliyekaa bure, wala hakuna aliyefanya kazi ya wawili.

“Na hapa Kibaigwa,” tukauliza, “ng'ombe wetu wako wapi?”

Mama alitazama ua wetu mdogo, na ukuta, na barabara. Hakujibu mara moja. Hatimaye alisema, “Kazi ya mvulana iliondoka pamoja na ng'ombe. Ya msichana ilibaki.”

Sisi tuliosoma vyuoni hatukuwahi kuliona jambo hilo wazi namna ile. Twadhani twashika desturi ya wazee tunapomwachia binti nyumba nzima, na kumbe twashika nusu yake tu. Desturi ya zamani ilikuwa na mizani ya vitanga viwili. Maisha ya mjini yamekiondoa kitanga kimoja, nasi twastaajabu kwa nini cha pili kimelala chini. Hatusemi ya kuwa mama yetu alipenda kumwona mjukuu wake na khanga mgongoni. Mpaka likizo ilipokwisha aligeuza uso kila alipomwona. Lakini hakutukataza tena.

Jioni zilikuwa za wote. Tulikunja ncha za turubai, tukakusanya mahindi ya siku ile sebuleni, tukayachambua tumeketi duara, mablanketi mabegani. Mtoto wa miaka 5 alikuwa na kopo lake la punje mbovu, naye alijivuna kwalo kama bwana forodha. Yule wa miaka 2 alizimwaga mara nyingi, tukaziokota. Bibi yao alitega vitendawili kwa Kigogo, na aliyeshindwa alimpa mji, kama ilivyo desturi. Kazi ilikuwa ile ile, na mikono ile ile, ila sasa mtu angeweza kuiandika kwa “tu”.

Na binti yetu? Siku tatu za kwanza, saa 9 ilipofika, hakujua afanye nini. Alizunguka uani akiuliza, “Mama, niwashe moto? Baba, nilete maji?” Tulimwambia apumzike, naye akakaa kizingitini akitutazama kama mtu aliyesahau kitu. Siku ya nne wasichana wa jirani walimwita. Tulipochungulia tuliwaona wamechimba kishimo karibu na ukuta, mahali pasipo na upepo, wakicheza mdako. Kokoto walizochezea zilikuwa zile zile tulizohesabia kazi.

Wasomaji wetu, wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mtoto asiyelalamika nao huonekana mwepesi vivyo hivyo, mpaka tuuhesabu. Hatuwaambii mwagawe kazi kama sisi, maana kila nyumba yajua mavuno yake, na watu wake, na umaskini wake. Pengine baba yuko safarini, pengine mama ni mgonjwa, na dada hana budi kushika nyumba. Lakini hata hapo, na ahesabiwe kazi yake mbele ya wote, ashukuriwe kwa jina, na apewe saa moja iliyo yake. Nasi walimu, Julai ikija na madaftari yakajaa mezani, pamoja na kusahihisha herufi na nukta, na tuangalie ni nani aliyeandika “tulicheza”, na ni nani aliyeandika “nilipika” tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho.