Sarafu ya Tabora na Gharama ya Kuijua

Nyumba nyingi katika nchi yetu zina sarafu za zamani za Wadachi zilizoachwa na wazee. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyoamua habari ya moja, maana mnunuzi huja na haraka, na mwenye mali huwa hana la kujibu.

Sarafu hiyo ni ya hela 20, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Wakati ule wa vita manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, hata fedha za Ulaya hazikufika. Kwa hiyo Wadachi walipiga sarafu pale Tabora, mpaka Wabelgiji walipoutwaa mji mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano, wala hazikutoka katika chapa moja. Taji iliyo juu ya herufi D.O.A. katika baadhi yake ni kubwa, na katika nyingine ni ndogo. Upande wa pili, katika neno HELLER, ncha za zile L mbili huweza kuwa zimechongoka au zimepinda. Wakusanyaji wa sarafu huzitenga kwa alama hizo, na aina iliyo adimu hupata bei kubwa kuliko iliyo nyingi.

Sarafu yetu ni urithi wa watoto wa marehemu ndugu yetu, na bei yake ni ya karo yao. Basi haikuwa haki kuiuza kwa kubahatisha. Yako makampuni huko Marekani, kama PCGS na NGC, yanayochunguza kama sarafu ni ya kweli na hali yake ikoje. Mara nyingi mtu akitaka na jina la aina liandikwe, hulipa ada nyingine juu ya ile ya kwanza, mbali na gharama ya kuituma na kuirudisha.

Tulijiuliza: Je, maandishi hayo yataongeza bei kuliko yatakavyokula? Tukatwaa rula na kioo cha kukuzia, tukapima taji, tukatazama zile L, tukalinganisha na picha za vitabu vya sarafu. Tukaona kwamba ni ya aina iliyo nyingi, tena imechakaa mikononi mwa watu. Mnunuzi aweza kuziona alama hizo mwenyewe. Hatatuongezea kitu kwa kuandikiwa anachokiona. Basi tukaazimia tusilipe, bali tuandike alama zake katika karatasi mbele ya watoto, na kuuliza bei kwa wanunuzi watatu kabla ya kupatana na mmoja.

Lakini kama alama zingeelekea aina adimu, tungelipa bila kunung'unika. Maana hapo mnunuzi hununua uhakika pia, na shaka yake ingewapunguzia yatima haki yao.

Nawe, ndugu msomaji, usiisugue sarafu ili ing'ae, kwani kuisugua huiharibia thamani. Itazame kwanza kwa macho yako, ndipo uhesabu ada. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.