Macho Mawili Miguuni pa Mlango

Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwani tunataka kuwashirikisha jambo tulilolibeba kimya kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Linahusu mlango wa banda la gari hapa nyumbani Ijumbi, na vitu viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiberiti hivi, vilivyofungwa miguuni pa mlango huo.

Kaka yetu mkubwa aliishi Marekani miaka mingi. Nyumba ya wazee wetu ilipopata nyufa katika tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, aliazimia kujenga nyingine katika kibanja kile kile, na alipofungasha vitu vyake ndani ya kontena alifungasha na mlango wa gereji. Kwetu sisi gereji ni mahali ambapo mafundi hulala chini ya magari. Kule ni chumba cha gari, na mlango wake hupanda hadi darini kwa nguvu ya mota, kipande baada ya kipande, mtu akibonyeza rimoti. Majirani walikuja kuutazama ukipanda na kushuka, na wengine wakarudi kesho yake na wageni. Mota ilitaka umeme wa volti 120 ilhali sisi tunatumia 230, basi ikanunuliwa transfoma ya kupunguza, ambayo hunguruma usiku kucha kama paka aliyeshiba. Hilo tulilizoea.

Kaka anaposafiri, na husafiri mara nyingi, nyumba hubaki mikononi mwetu. Kabla ya safari yake ya kwanza alituita bandani, akachuchumaa, akatuonyesha vile vitu viwili. Vitabuni huitwa vihisi, lakini yeye aliviita macho, nasi tumelishika jina hilo. Jicho moja hutuma mwali wa nuru usioonekana kwa macho ya binadamu, na la pili, lililo upande wa pili wa mlango, huupokea. Yamewekwa chini, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu kinachotafutwa hapo ni mtoto anayetambaa, au aliyeanguka, au mguu wa mtu. Kitu kikiukata mwali huo wakati mlango unashuka, mlango husimama na kurudi juu. Kaka alitueleza kwamba kule watoto walikuwa wakifa kwa kubanwa na milango ya namna hii, hata sheria ya mwaka 1990 ikaagiza kila mashine ya nyumbani itakayotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 iwe na kinga ya ziada, kama macho haya au ukingo unaohisi mguso. Tulimsikiliza vizuri. Tunalisema hili mapema ili lisije likasahaulika mbele ya safari.

Mambo yalikwenda salama hadi Juni 2022. Mwezi huo kila ilipofika saa kumi na moja jioni mlango ulikataa kufunga. Ulishuka shibiri mbili, ukasita, ukarudi juu, na taa ya mashine ikawa inamweka. Tulifagia kizingiti, tukatazama kama kuna kuku amelala pale. Hapakuwa na kitu. Asubuhi mlango ulifunga bila neno. Wakati huo ndio wa kuanika kahawa, na kila jioni tulikuwa tunaingiza mikeka na magunia humo bandani. Kusimama pale mbele ya mlango unaokaidi, giza linakuja na mbuzi hawajafungwa, kunachosha. Tulimwita kijana mmoja fundi wa umeme.

Kijana yule alikuwa mwepesi. Aliyafungua macho kutoka miguuni pa mlango, akazivuta nyaya zake hadi juu karibu na mota, akayaelekeza yatazamane kwa umbali wa kiganja, kisha akayafunga pamoja kwa tepu nyeusi. Kuanzia hapo mashine iliamini kwamba njia ni nyeupe siku zote, kwa kuwa macho yalikuwa yanatazamana yenyewe huko darini. Kwa vile reli zilikuwa zimejaa vumbi na mlango unashuka kwa kusuasua, akazungusha pia skrubu ya kuongeza msukumo. Mlango ukafunga. “Mzee, hautakusumbua tena,” alisema. Tukamlipa, tukamwongezea na ya soda.

Wiki tatu mlango haukutusumbua.

Likizo hiyo mpwa wetu alikuja kutoka Mwanza na watoto wake, na wa mwisho alikuwa na miaka minne. Jioni moja kila mtu alikuwa akibeba kahawa, naye alipewa ndoo yake ndogo ya plastiki, nusu tupu nusu kahawa, ili asilie. Sisi tulikuwa tumemaliza kuegesha gari. Tulikuwa tumekwisha kuufikia mlango wa jikoni tulipobonyeza rimoti, mkono ukiwa nyuma ya mgongo, bila kugeuka. Tukasikia plastiki inapasuka.

Tulipofika, ndoo ilikuwa imebanwa katikati ya mlango na kizingiti, imepasuka kama boga, na mlango ulikuwa bado unasukuma. Kisha, kwa kuchelewa, ukajirudi juu. Mtoto alikuwa amesimama ndani, vidole vyake vingali vimeshika mpini wa ndoo. Alikuwa analia, lakini si kwa maumivu. “Babu, kahawa imemwagika,” alisema.

Mama yake hakusema neno. Aliviokota vipande vya ndoo kimoja kimoja, akaviweka juu ya meza tunayolia chakula, na vikakaa pale hadi tulipokwenda kulala. Usiku tulimpigia kaka simu. Aliuliza swali moja tu: macho yako wapi? Tulipomjibu alinyamaza kwa muda mrefu, hata tukadhani mtandao umekatika.

Asubuhi tulimwita tena yule kijana. Wapo waliotaka akaripiwe, nasi hatukukubali. Yeye aliitwa kuufanya mlango ufunge, akaufanya ufunge. Hakuna aliyewahi kumwambia yale macho ni ya nini. Sisi tulikuwa tumeambiwa.

Chanzo kilikuwa jua. Mlango wetu unatazama kaskazini, na jicho linalopokea liko upande wa mashariki, likielekea magharibi. Mwezi wa Juni na Julai jua hutua likiwa limesogea kaskazini, basi jioni miale yake ilipenya kwa ubavu na kulipofusha jicho lile. Mlango ulikuwa unatuambia ukweli: hauoni, na usipoona haufungi. Kijana alikata kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa kidole, akakivisha mbele ya jicho kama kofia, akayarudisha macho yote mawili chini mahali pake. Kazi hiyo haikufika nusu saa. Ile skrubu ya msukumo ikarudishwa, na reli zikafutwa vumbi, dawa ambayo ingetosha tangu mwanzo.

Sasa tuna utaratibu, na kwa walio na mlango kama huu hapa au kwa ndugu zenu walio ughaibuni, tunauandika. Kila mwezi tunayafuta macho kwa kitambaa laini kikavu, kwani buibui wa Ijumbi hupenda sana kutanda hapo. Tunatazama vitaa vyake: kikimweka au kuzimika, jicho limesogezwa na fagio au mpira wa watoto, nasi tunalielekeza upya hadi kitaa kitulie na kuikaza nati yake. Kisha tunaushusha mlango na kupitisha ufagio mbele ya jicho. Ni lazima urudi. Mwisho tunalaza ubao wenye unene wa sentimita nne hivi kizingitini. Mlango ukiugusa, ni lazima urudi pia. Usiporudi, haufungwi kwa mota hadi fundi aje. Zile springi zilizobeba uzito wa mlango hatuzigusi kabisa, zinaweza kumvunja mtu mkono. Kitufe cha ukutani nacho kina hila yake: ukikishikilia bila kuachia, mlango hufunga hata kama macho yamezibwa, hivyo anayekishika awe anautazama mlango hadi ufike chini. Rimoti tunaitundika juu.

Wengi wenu hamna mlango wa gereji, ila mageti ya kuteleza kwa mota yameenea Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, na mengi yana macho yale yale kwenye nguzo. Tazameni kama bado yapo na kama yanafanya kazi. Na geti la kusukuma kwa mkono liwe na kizuizi imara mwisho wa reli, maana likipita mwisho wake huanguka, nalo ni chuma.

Likizo iliyopita yule mtoto alikuja tena, sasa yuko shule ya msingi. Ndoo haikumbuki, anachokumbuka ni kahawa. Siku ya kujaribu mlango aliomba yeye ndiye ashike ufagio. Aliupitisha, mlango ukasita, ukarudi juu. Akataka kurudia, na kurudia tena, nasi tukamwachia hadi umeme ulipokatika.